Rangi ya Mwisho Kabisa

Fundi wa projekta alikuwa anakimbia kuliko fundi yeyote wa projekta anavyotakiwa kukimbia.

Ghorofa ya tano. Ya nne. Aliruka ngazi tatu tatu, begi jeusi likimpigapiga mgongoni, na kila alipotua alitazama juu.

Ghorofa moja juu yake alikuwa anashuka Sindano.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na Idara ya usalama, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kupenya mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angepiga hodi. Suti ya kijivu. Glock 19 chini ya kwapa. Mkononi Casio ya plastiki, nayo ilisema saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi.

"Kipara," alisema kwenye kinasa sauti cha kola. "Anakuja kwako."

"Mlango gani?"

"Wa nyuma. Kwenye mapipa ya taka."

"Nilijua tu. Penye taka ndipo pangu."

Fundi aliusukuma mlango wa nyuma kwa bega, akatoka juani, akakutana na kifua cha Kipara. Nyuma ya kifua hicho kulikuwa na kilo mia na ishirini za Kipara mwenyewe. Fundi aliketi chini bila kukaribishwa.

Walimfunga pingu, wakamwaga begi juu ya boneti ya Hilux. Nyaya. Pakiti ya biskuti. Flashi moja. Na simu ya setilaiti, Thuraya, kitu ambacho fundi wa projekta anakihitaji kama samaki anavyohitaji mwavuli.

Ujumbe wa mwisho kwenye simu ulikuwa mfupi.

"Imewekwa. Magharibi patakuwa tupu saa tano mpaka saa nane. Malori yapite."

Kipara alipiga mluzi.

Kwa miezi mitatu walikuwa wanayawinda malori hayo. Matatu, yamejificha ng'ambo ya mpaka, yamebeba makombora ya kufyatulia begani. Njia ya kuingia mjini ilikuwa moja tu, barabara ya magharibi, ile inayofuata ukingo ulioinuka wa mto chini ya bwawa. Barabara hiyo ina nyumba pande zote, ina soko, ina kituo cha polisi na wakazi elfu nne. Hata mkokoteni wa viazi haupiti pale bila mtu kuuliza bei.

"Sasa patakuwaje tupu?" Kipara aliuliza. "Watu elfu nne wataenda wapi, harusini?"

Sindano alitazama dirisha la ghorofa ya sita.

Kule juu, saa mbili na nusu, Kamati ya Maafa ingeanza kikao. Mvua ya wiki mbili ilikuwa imelijaza bwawa hadi ukingoni, na saa tano kamili milango ya maji ingefunguliwa, watake wasitake, la sivyo ukuta wenyewe ungepasuka. Kabla ya hapo Kamati ingeonyeshwa mfano wa kompyuta. Unaipa mashine mvua, bwawa na bonde, nayo inakuonyesha maji yatapita wapi kabla hayajapita. Wangetazama ramani ukutani, wangetia saini, na mabasi yangeondoka kuwahamisha watu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

"Wamechezea ramani," alisema. Aliichomeka flashi kwenye laptop yake, ile ya Panasonic yenye gamba gumu, akarusha yaliyomo makao makuu.

Dakika nne baadaye sikio lake lilikohoa. Ilikuwa sauti ya Shangazi, mkuu wa operesheni. Ndivyo alivyojitambulisha redioni siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuuliza ni shangazi wa nani.

"Faili ziko tatu. Hesabu za mfano, rangi za ramani, na ufunguo wa kusomea rangi. Zote zina muhuri wa serikali. Hakuna tarakimu iliyoguswa."

"Haiwezekani."

"Vijana wamehakiki mara mbili. Ramani ni safi, Sindano. Achana nayo, fuata malori."

Sindano alikuwa anatazama jina la faili ya pili.

rangi_mwisho_kabisa_3.

Uso ulimwaka moto hadi masikioni. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kuipa faili jina la kipumbavu namna ile, kwa sababu rangi_mwisho ilikuwa na kasoro, rangi_mwisho_kabisa nayo ilikuwa na kasoro, na rangi_mwisho_kabisa_2 afadhali tusiizungumzie. Mtu huyo alikuwa amesimama kando ya mapipa ya taka, amevaa suti ya kijivu.

Miaka miwili nyuma Sindano hakuwa Sindano. Alikuwa mtaalamu wa mifano ya kompyuta wa Idara, bingwa kwa kweli, na alijijua kuwa bingwa. Mto ulipofura mwaka ule, yeye ndiye aliyeipelekea Kamati mfano wake. Rangi alichagua mwenyewe, kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani: udongo mkavu wa bonde ni mwekundu, maji ya bwawa ni ya kijani. Basi nchi kavu akaipaka nyekundu, na maji akayapaka kijani. Ofisini wenzake walimpigia makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba duniani kote mtu akiona nyekundu husimama, na akiona kijani hupita.

Aliwaonyesha slaidi arobaini na nne. Alisema "ukomo wa makosa" mara tisa. Ufunguo wa rangi ulikuwa pembeni chini, herufi ndogo kuliko mchwa. Mwishoni akauliza, "Kuna swali?" Hakukuwa na swali. Akafurahi. Ukimya wao aliuchukua kuwa ni kuelewa, kumbe walikuwa wanaona haya kuuliza.

Wakawapeleka watu kwenye uwanja wa mpira wa shule, uliong'aa kijani ukutani. Kumi na tisa hawakurudi.

Na hilo silo lililomla Sindano zaidi. Lililomla ni ripoti. Aliiandika yeye, kwa mkono wake, akiwa na kikombe cha kahawa mezani: "Kamati ilipewa taarifa kamili. Rangi hazikuwa na kosa. Wajumbe hawakusoma ufunguo." Idara ikapiga muhuri. Baadaye, kimyakimya, serikali ikabadilisha rangi zote, kijani ikawa salama na nyekundu ikawa hatari, lakini kwa vile ripoti ilisema zile za zamani hazina kosa, hakuna aliyeziondoa kwenye orodha ya zilizoidhinishwa. Yeye akaomba kuhamishiwa kazi ya bastola. Watu walidhani ni ushujaa. Ulikuwa woga mtupu. Bastola haina slaidi.

Wiki ile ya maafa alikuwa kwa mama yake, wanakula, televisheni inaonyesha majeneza. Mama akaacha kijiko. "Huyo aliyechora hiyo ramani," alisema, "analala vipi?" Sindano aliendelea kutafuna. Akaomba chumvi.

"Oya," alisema Kipara. "Umekuwa mwekundu kama nyanya. Kuna nini?"

"Kila faili ni halali. Ila haziendi pamoja. Rangi ni za zamani, ufunguo ni mpya. Wataona magharibi ni nyekundu, wataiogopa bure, na watawahamishia watu wote mashariki kwenye kijani." Alifunga laptop. "Na kijani ndiko maji yanakokwenda."

Kipara alitazama lile dirisha. Utani ulimtoka.

"Watu elfu nne?"

"Elfu nne. Ili malori matatu yapite bila kuulizwa."

"Si uwaambie?"

"Watauliza nimejuaje."

Shangazi alikuwa anasikiliza. Shangazi husikiliza daima.

"Sindano, usithubutu. Ripoti ile ina muhuri wa Idara. Nitapiga simu kwa njia zinazostahili."

"Zitachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu."

Casio ilisema saa mbili na dakika thelathini na nane. Mabasi yangeondoka saa tatu.

Alianza kupanda ngazi.

Ukumbi wa Kamati ulikuwa na pazia zilizovutwa, meza ndefu, chupa za maji ambazo hazijafunguliwa, na saa ya ukutani iliyochelewa dakika tano. Projekta ilikuwa inanguruma. Ukutani bonde lilikuwa limelala katikati ya rangi mbili, magharibi nyekundu ya kutisha, mashariki kijani ya kupendeza, na pembeni ufunguo mkubwa, safi: nyekundu ni hatari, kijani ni salama. Mtoto wa chekechea angeuelewa. Huo ndio ulikuwa ubaya wake.

Kando ya picha alisimama Mshauri, mgeni wa kukodiwa kutoka nje, suti ya kitani, Kiswahili cha kunyooka kama rula.

"Kwa hiyo tumekubaliana," alikuwa anasema. "Watu wa magharibi wote waende kwenye kiwanda cha zamani cha matofali, mashariki. Na polisi wa kituo kile waondoke nao, kwa usalama wao."

Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo, alikuwa ameshika kalamu. Kulia kwake alikaa Mhandisi wa bwawa. Kushoto, mwakilishi wa wakazi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bonde zima lilimwita Mwalimu.

Sindano alimtambua. Mwalimu ndiye aliyewaongoza watu uwanjani mwaka ule, akiwa na nakala ya ramani mkononi. Mkewe alikuwa amesimama golini, akiita majina, maji yalipofika.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, usitie saini."

Vichwa viligeuka.

"Kijana, hapa ni kikao," alisema Mwenyekiti. "Wewe ni nani?"

"Usalama. Hiyo ramani imegeuzwa. Kijani ndiyo maji."

Mshauri alitabasamu kwa huruma. "Mhandisi, umezihakiki hizi faili?"

"Nimezihakiki. Zina muhuri zote."

"Na hizi rangi ni za serikali yenu. Ripoti ya Idara yenu wenyewe ilisema hazina kosa. Ninayo hapa." Aliinua karatasi. Alikuwa amekuja nayo kabisa. "Huyu bwana amejuaje kuliko ripoti?"

"Toka humo ndani," Shangazi alisema sikioni. "Hilo ni agizo."

Mwenyekiti alimtazama Sindano juu ya miwani. "Jibu, mwanangu. Umejuaje?"

Angeweza kutoa bastola, na ingekuwa rahisi zaidi. Alichomoa kidude cha sikioni, akakiweka mezani, na sauti ya Shangazi ikabaki inalia pale kama nzi ndani ya chupa.

"Kwa sababu nilizichora mimi," alisema.

Mwalimu aliinua kichwa.

"Rangi hizo ni zangu. Za miaka miwili iliyopita. Nchi kavu niliipaka nyekundu, maji niliyapaka kijani. Nililiona jambo la maana, naona aibu hata kulisema. Nikaja hapa nikawaelezea kwa maneno ambayo hata mke wangu hayaelewi, nikaona mmenyamaza, nikaenda nyumbani nimefurahi." Akaionyesha kwa kidole karatasi iliyokuwa mkononi mwa Mshauri. "Halafu nikaandika hiyo ripoti. Rangi zilikuwa na kosa. Ninyi hamkuwa na kosa. Niliandika uongo."

Hakumtazama Mwalimu. Hakuweza.

"Hadithi ya kusikitisha," alisema Mshauri. "Lakini muda..."

"Nipe dakika tano," Sindano alimwambia Mwenyekiti. "Nikishindwa kukuelewesha kwa dakika tano, tia saini, kisha mnifunge."

Mwenyekiti aliiweka kalamu chini.

Sindano alichukua rimoti ya projekta mkononi mwa Mshauri, akagusa laptop, akazifuta rangi zote. Bonde likabaki jeupe, limejaa namba ndogo.

"Mheshimiwa, mabasi yanawashusha watu wapi?"

"Kiwandani. Kwenye uwanja wa kukaushia matofali."

Alibofya pale. "Mhandisi, tafadhali nisomee hiyo namba moja. Usinieleze chochote, soma tu."

Mhandisi alikaza macho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mita moja na themanini na tano."

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo."

Mezani kulikuwa na selotepu. Sindano aliichukua, akaenda mlangoni, akasimama ameegemea fremu kama mtoto anayepimwa urefu. Aliinua mkono, akabandika kipande cha selotepu vidole vitatu juu ya kichwa chake. Akakibonyeza vizuri.

"Mimi nina mita moja na themanini na mbili. Saa sita kasorobo, kiwandani, maji yako hapa."

Akachuchumaa, akabandika kipande kingine usawa wa kiuno.

"Na huyu ni mtoto wa miaka sita."

Mwenyekiti aliinuka. Alitembea polepole hadi mlangoni, akasimama chini ya selotepu ya juu, akanyoosha mkono kuigusa. Alikuwa mfupi. Alilazimika kusimama kwa ncha za vidole.

"Mama yangu," alisema. "Na magharibi?"

Mhandisi alikuwa ameshaanza kubofya mwenyewe. "Sokoni, sifuri. Kituo cha polisi, sifuri. Sifuri. Sifuri." Aligeuka, uso umemshuka. "Mheshimiwa, niliangalia muhuri. Namba sikuzisoma."

"Mwanangu, hivi ndivyo ungetuambia siku ile," alisema Mwenyekiti.

"Ndiyo, mama."

Hapo ndipo Mshauri alipoingiza mkono ndani ya koti.

Beretta. Ndogo, nyeusi, imemlenga Mwenyekiti.

Sindano hakuwa na muda wa kufikia kwapa. Alikuwa na rimoti. Alibonyeza kitufe cha taa ya kuonyeshea, na doa jekundu likamwingia Mshauri katikati ya jicho.

Nusu sekunde.

Ilitosha. Aliruka juu ya meza, chupa za maji zikaruka naye, akaushika mkono ule na kuupinda juu. Risasi iliipata saa ya ukutani, ile ya kuchelewa, ikaacha kabisa kujisumbua. Kiwiko kimoja shingoni. Goti moja mbavuni. Suti ya kitani ilienda chini na mtu wake.

Kipara alitokea mlangoni anahema.

"Lifti mbovu," alisema. Akamkalia Mshauri. Mshauri hakusema tena Kiswahili cha rula.

Mwenyekiti alikuwa ameshika simu. Mabasi yaende mashariki, kuna familia sitini kule, zote ziletwe magharibi. Polisi wa kituo wasitoke, waongezwe. Sindano alimpa namba za malori, na yeye akazisoma kwenye simu moja moja, kama anayemtajia muuza duka vitu vya kununua.

Mwalimu alikuwa hajainuka kitini. Alikuwa anatazama ile selotepu.

Sindano alimwendea. Alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, na safari hii alimtazama.

"Mwalimu."

"Miaka miwili," alisema Mwalimu, taratibu. "Miaka miwili namwambia binti yangu kwamba mama yake alikufa kwa sababu baba yake hakusoma maandishi madogo."

"Maandishi madogo nayo yalikuwa yangu."

"Nilirudi kuisoma ile ramani, unajua. Kila wiki. Nikajiona mjinga. Mtu mzima, nimefundisha miaka thelathini na tano, nashindwa kusoma picha."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Hapana." Alisema bila hasira. Aliinuka, akachukua kofia yake. "Hapa usiniombe chochote, nina watu wa kuwatoa mashariki. Jumamosi utakuja nyumbani. Utamwambia yeye, kwa mdomo wako, kama ulivyotuambia sisi. Kwa lugha hiyohiyo."

"Nitakuja."

"Saa nne. Usichelewe." Akatoka. Mlangoni aliinama kidogo alipopita chini ya selotepu, ingawa ilikuwa juu ya kichwa chake.

Saa tano kamili milango ya bwawa ilifunguka. Saa tano na dakika kumi na mbili malori matatu yalikata kona ya barabara ya magharibi, yakakuta soko limejaa, na katikati ya soko polisi themanini. Saa sita kasorobo uwanja wa matofali ulizama. Haukuwa na mtu.

Sindano alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje ya jengo. Alikuwa amekirudisha kile kidude sikioni.

"Ripoti ya leo naandika mimi," alisema Shangazi. Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, jambo lisilo la kawaida. "Naweza kuandika kwamba wewe uligundua hitilafu ya rangi. Basi. Mengine yabaki ukumbini."

"Andika nilivyosema."

"Ukiandikwa hivyo, kazi imekwisha. Na huenda mahakama."

"Najua. Andika herufi kubwa, Shangazi. Isiwe pembeni chini."

"Nimekusikia."

Alivua Glock na mkanda wake, akamkabidhi Kipara.

"Unaenda wapi?" Kipara aliuliza.

"Kwa mama."

Alitupa koti begani, akavaa miwani ya jua ya Ray-Ban, akashuka ngazi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka wala deni la mtu. Wapita njia walimwona bwana mtanashati anayekwenda zake. Hawakuona kwamba alikosea namba ya simu ya mama yake mara mbili.

"Mama."

"Wewe! Mchana huu? Kuna usalama?"

"Upo. Unakumbuka yule mchora ramani? Uliuliza analala vipi."

Upande wa pili televisheni ilizimwa.

"Nakumbuka," alisema mama.

"Halali."

Alisubiri. Aliusikia mkufu wa mama ukigonga simu, jinsi unavyogonga siku zote anapoishika kwa mikono miwili. Mama hakuuliza ni nani. Alikaa kimya muda mrefu, na safari hii Sindano hakujidanganya kuhusu maana ya ukimya.

"Umekula?" mama aliuliza hatimaye.

"Bado."

"Njoo basi. Uje unieleze."